Daraja Lililoshukuriwa

Jina la nchi yetu silitaji. Si kwamba nimelisahau, ila nina watoto wanaosoma na ningependa waendelee kusoma. Itoshe kusema ni nchi yenye bendera, wimbo, mafuriko, na Umoja wa Vilabu vya Udugu na Huduma, ambao sisi wa ndani tunauita UVUHU. Mji wowote wenye hoteli yenye ukumbi una klabu yetu. Mji usio na hoteli hauna klabu, kwa sababu udugu hauwezi kukaa mahali pasipo na kiyoyozi.

Mimi ni Karani wa Kumbukumbu wa UVUHU, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa, na sijawahi kukosa la kuandika. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia si ya kuambiwa. Mengi niliyaona kwa macho na machache, Mungu anisamehe, niliyafanya kwa mkono wangu.

Wanachama wetu ni watu wa kujitolea. Kila Alhamisi hujitolea kula chakula cha mchana pamoja. Ibara ya kwanza ya katiba inasema udugu kwanza, huduma baadaye, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuivunja. Juu ya suti huvaa aproni za hariri, kuonyesha kwamba wao ni watumishi wa wanyonge. Aproni hairuhusiwi kupata doa, na klabu ya Bandarini iliwahi kumsimamisha mwanachama miezi sita kwa ajili ya mchuzi wa samaki. Tunaye Mhudumu Mkuu, tunaye Mhudumu Mkuu Mteule, tunaye Mhudumu Mkuu Aliyemaliza, na tunaye Mhudumu Mkuu Aliyekaribia Kuchaguliwa, ambaye kura hazikutosha lakini alilia sana. Kila mwaka vilabu hushindania Kikombe cha Unyenyekevu. Mwaka juzi vilabu viwili vilikigombea mpaka mashati yakachanika, na mshindi akatoa hotuba ya unyenyekevu huku jicho moja limevimba.

Msije mkadhani ni klabu ya walaji tu. Spika wa Bunge ni mwanachama, Jaji Mkuu ni mwanachama, na mkuu wa polisi ndiye huyo Mteule. Ukitofautiana na UVUHU, basi huna pa kwenda kushtaki isipokuwa kwa UVUHU.

*

Zamani tulikuwa tunatoa msaada kwanza, ndipo tunashukuriwa. Utaratibu huo wa kishamba ulitutia aibu mara nyingi. Kuna kikongwe mmoja alipewa blanketi mbele ya wajumbe mia nne, na alipokabidhiwa kipaza sauti akasema, "Asanteni, wanangu," akakaa. Wajumbe walikuwa wamejiandaa kwa dakika ishirini, wengine na leso mkononi. Mwaka uliofuata mjane mmoja alipewa cherehani, akaikagua, akauliza sindano iko wapi. Chakula cha siku ile hakikulika.

Ndipo Mhudumu Mkuu wa sasa, Daktari Optatus Magwanda, alipoleta mageuzi. Huyu daktari hatibu mtu. Shahada alipewa na chuo alichokikatia utepe, na nadhani chuo chenyewe kilikuwa bado hakijaezekwa.

"Ndugu Wahudumu," alisema, "tunawapa watu msaada bila kujua kama wana shukrani. Je, huo si uzembe? Nyumba haipangishwi kwa mtu usiyemjua. Kuanzia leo shukrani itangulie, huduma ifuate. Atakayeshukuru vizuri ndiye anayestahili."

Walipiga makofi dakika kumi na moja. Nilihesabu, ni kazi yangu. Hivyo ikazaliwa Fomu ya Shukrani, kurasa nne, nakala tatu. Mhitaji huijaza kabla ya kupata chochote, lakini sharti aandike kama mtu aliyekwisha kupata. Aeleze alivyokuwa akiteseka, alivyofikiwa, machozi yalivyomtoka. Mwisho atie sahihi na kubandika picha yake inayoonyesha meno. Mwenye mapengo anaruhusiwa, ilimradi anacheka.

*

Bi. Nyamizi alinijia ofisini wakati wa kiangazi, na vumbi la safari likiwa bado kwenye nyusi. Ni mkunga wa zahanati ya Ibwagila, mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ambayo haikuumbwa kwa ajili ya ofisi. Zahanati yake iko upande huu wa Mto Lukwizi na kijiji kiko upande wa pili. Kiangazi watu huvuka kwa mawe. Masika mto unajaa, na anayetaka kuvuka hana budi kuzunguka kwa njia ya mjini, mwendo wa siku mbili.

"Masika iliyopita nimezika wajawazito wawili, baba," aliniambia. "Nimesimama ng'ambo hii nikiwasikia wanalia kule, nashindwa kufika. Mmoja alikuwa na mapacha. Sitaki makubwa. Nipeni mbao na misumari, mafundi tunao."

Nilimtolea fomu. Aliisoma taratibu, akaigeuza, akaisoma tena.

"Hapa mnataka nishukuru kwa daraja."

"Ndiyo, mama."

"Lipo?"

"Litakuja ukishashukuru."

Nikamweleza mageuzi ya Daktari Magwanda, nikamwambia shukrani yake itashindanishwa na mia tatu nyingine, kwa hiyo asiibanie. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na nalitaja mapema nisije nikajifanya mtakatifu. Nilimshauri asitaje mbao. "Andika chuma," nikamwambia. "Wajumbe wanakipenda chuma. Mbao zitawafanya wakuone huna makuu."

"Sina makuu."

"Hilo nalo usiliandike."

Basi akaandika. Aliandika kwamba daraja la chuma la mita thelathini, lenye vishikio pande zote mbili, limefika Ibwagila kwa hisani ya UVUHU, na kwamba tangu lifike hakuna mama aliyekufa. Alipofika hapo kalamu ilisimama. Aliniuliza kama ni lazima aliweke hilo la akina mama, nami nikasema litasaidia sana. Akaliandika, akatia sahihi, tukampiga picha. Ilibidi tuipige mara tano ndipo meno yakaonekana.

*

Barua ya Bi. Nyamizi ilisomwa katika Mkutano Mkuu wa Taifa, baada ya supu na kabla ya mbuzi. Aliisoma mke wa Mteule, mama mwenye kipaji cha kukatika sauti mahali panapofaa. Alipofika kwenye vishikio pande zote mbili, ukumbi mzima ulikuwa unapenga kamasi. Daktari Magwanda alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena kwa ajili ya wapiga picha waliochelewa.

"Ndugu Wahudumu," alisema, "mmesikia wenyewe. Hakuna mama aliyekufa. Hii ndiyo kazi yetu. Tusijisifu, lakini tusijifiche pia."

Klabu ya Makao Makuu ikapewa Kikombe cha Unyenyekevu kwa sababu ya daraja hilo. Barua ikatiwa kwenye fremu, ikatundikwa ukumbini karibu na mlango wa jikoni, mahali pa heshima. Jalada likaja mezani kwangu likiwa na maandishi ya Daktari mwenyewe: Huduma imekamilika, jalada lifungwe.

Nilitaka kwenda kumwambia kwamba hakuna aliyeagiza hata nati moja. Lakini kumwambia mtu aliyetoka kulia kwa furaha kwamba amelilia hewa ni utovu wa adabu, na mimi nina watoto wanaosoma, kama nilivyosema. Nikalifunga.

*

Miezi miwili baadaye Bi. Nyamizi alirudi. Safari hii hakuja kwangu, alipanda moja kwa moja kwa Wakili Tindwa, mwanasheria wa UVUHU, kijana mwembamba ambaye husoma hata kadi za harusi kwa kutafuta kifungu. Niliitwa kuandika.

"Shikamoo, mama. Una shida gani?"

"Marahaba. Nimefuata daraja."

Tindwa alifungua jalada. "Daraja ulikwisha kupata. Ulishukuru tarehe kumi na nne, mwezi wa saba."

"Nilishukuru kwa sababu mliniambia nishukuru."

"Kwa hiyo ulishukuru kwa uongo?"

"Nilishukuru kwa fomu yenu, mwanangu. Njoo Ibwagila uone. Hakuna hata gogo."

Tindwa aliweka kalamu chini, akamtazama kwa huruma. "Mama, hebu jiweke mahali petu. Tuna sahihi yako. Tuna picha yako unacheka. Mkutano Mkuu umeshalia. Sasa unataka tuamini nini, barua iliyopitishwa na wajumbe mia nne au macho yako peke yako?"

Bi. Nyamizi aliinuka. Mlangoni akageuka, akasema kwa sauti yake ile, na nadhani hata watu wa barabarani walisikia, "Masika haisomi barua." Kisha akaenda zake. Tindwa aliniuliza kama sentensi ile iingie kwenye kumbukumbu. Nikasema haikuelekezwa kwa kiti cha mwenyekiti, kwa hiyo haikuingia.

*

Kule Ibwagila walikuwepo watu wajinga, wasiojua kwamba kuhudumiwa ni fani. Mmoja wao ni fundi Lugendo, seremala wa majeneza na vitanda, mzee mwenye vidole saba. Bi. Nyamizi aliporudi mikono mitupu, Lugendo alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza mita ni ngapi, akaenda kunoa shoka.

Walijenga siku thelathini na moja. Wanaume walikata miti ya mininga na kuikokota kwa ng'ombe, wanawake wakasokota kamba na kupika ugali, na mwalimu mkuu alifunga shule kwa wiki nzima kwa kisingizio cha somo la hesabu. Hakuna aliyekata utepe. Siku lilipokamilika, Lugendo alilivuka akiwa amembeba mbuzi mabegani, akarudi, akasema linafaa. Watu wakaenda kulala.

Mvua za vuli zilikuja, mto ukapanda, daraja likabaki pale pale. Wajawazito saba wakavuka kwa miguu yao kwenda zahanati, wakarudi na watoto saba. Wa nane alikuwa Minza, binti wa Lugendo, mimba yake ya kwanza. Bi. Nyamizi alimpima, akamwambia bila kumficha kwamba nyonga yake ni nyembamba na damu yake ni pungufu. "Wewe hujifungulii nyumbani, umenisikia? Ukifika mwezi wa nane unavuka, unalala kwangu, unasubiri." Minza akasema amesikia.

Laiti mambo yangeishia hapo ningekuwa sina hadithi, na ningefurahi kutokuwa nayo.

*

Kila mwisho wa mwaka UVUHU huchapa kalenda. Mwezi wa kwanza ulitengwa kwa daraja la chuma la Lukwizi, kwa hiyo akatumwa mpiga picha. Alirudi akiwa amechanganyikiwa. Picha zikapangwa mezani mbele ya Kamati Kuu, na ukimya ulioingia pale nilikuwa sijawahi kuuandika.

"Hili ni la mbao," alisema Daktari Magwanda.

"La mbao," alikubali Mteule, mkuu wa polisi.

"Letu lilikuwa la chuma."

Wakaletewa barua kutoka ukutani, fremu na yote. Wakaisoma. Chuma, mita thelathini, vishikio pande zote mbili. Wakatazama picha tena. Hapakuwa na chuma isipokuwa misumari.

Sasa, msomaji, jiulize mtu mwenye akili timamu angesema nini. Wao walikuwa watu kumi na wawili, wote wamesoma, watatu wana shahada walizozipata kwa kusoma. Wakakaa na swali lile mpaka chai ikapoa. Mwishowe Mteule, kwa uzoefu wake wa upelelezi, akalitegua.

"Limeibwa," alisema. "Wameling'oa la chuma wakaliuza, wakaweka hili la miti kutufumba macho."

Niliona nyuso zao zikichangamka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza lilisafirishwa na lori gani, fundi gani alilifunga, wala lilinunuliwa wapi. Wangewezaje kuuliza? Lilikuwa limeshukuriwa. Nilikohoa kidogo, Daktari akageuka kuniuliza kama nina mafua. Nikasema ndiyo.

*

Kesi ilisikilizwa na Kamati ya Nidhamu katika ukumbi wa hoteli, Alhamisi, baada ya mlo. Washtakiwa walikuwa wawili, Bi. Nyamizi na fundi Lugendo, walioletwa na polisi na kukalishwa karibu na meza ya matunda. Waliambiwa wasiguse matunda.

"Mshtakiwa wa pili," alisema Wakili Tindwa, "wewe ndiye uliyejenga daraja la mbao?"

"Ndiyo, mzee." Lugendo alikuwa na umri wa baba yake Tindwa, lakini alikuwa ameambiwa aongee kwa heshima.

"Ulipofika kujenga, daraja la chuma lilikuwa wapi?"

"Halikuwepo."

"Kwa hiyo unakubali kwamba lilikuwa limeshaondolewa."

"Halikuwahi kuwepo, mzee. Mimi nimezaliwa pale."

"Andika," Tindwa aliniambia, "mshtakiwa amelifahamu eneo la tukio tangu utotoni."

Nikaandika. Bi. Nyamizi akaomba kusema.

"Waheshimiwa, nimeandika uongo na nimetia sahihi. Kwa hilo nifungeni, nastahili. Lakini daraja la Lugendo msiliguse. Huyu bwana ana binti, Minza, mimba yake ina miezi saba, na si wa kujifungulia nyumbani. Nishikeni mimi, daraja liacheni mpaka masika ipite."

Wajumbe walisikiliza kwa makini. Mjumbe mmoja aliguswa sana, akapendekeza Minza apelekewe Fomu ya Shukrani. Pendekezo liliungwa mkono.

Hukumu ilisomwa na Daktari Magwanda mwenyewe. Alisema UVUHU si chombo cha kulipa kisasi, ni chombo cha upendo, kwa hiyo hakuna atakayefungwa. Daraja la mbao lingefunguliwa na kuletwa Makao Makuu kama kielelezo, mpaka lile la chuma litakaporejeshwa. Pale mtoni pangejengwa mnara wa kumbukumbu, ili vizazi vijavyo vijue kwamba hapa palikuwa na daraja. Nao washtakiwa wangeomba radhi hadharani siku ya kuuzindua.

"Mna la kusema?" aliuliza.

"Minza," alisema Lugendo. Alisema jina hilo tu, basi.

*

Malori matatu yalikuja kubeba miti ile. Sasa imepangwa nyuma ya jengo letu, juu yake walinzi huanika nguo. Ibwagila walitaka kujenga tena, lakini polisi wawili waliachwa kulinda eneo la tukio, na mvua za masika ziliwahi. Ndani ya siku nne mto ulishakuwa wa rangi ya chai ya maziwa, unavuma.

Minza alikuwa avuke wiki ile. Alibaki ng'ambo kwa mama mkwe wake, Bi. Holo. Wangeweza kumzungusha kwa njia ya mjini, siku mbili kwa mkokoteni, lakini Bi. Nyamizi alituma ujumbe kwamba kwa hali yake angefia njiani. Wakasubiri mto ushuke.

Uzinduzi wa mnara haukuweza kusubiri, kwa kuwa wapishi walikwisha kulipwa. Tulifika na magari kumi na tisa, tukasimamisha maturubai upande wa zahanati, tukafunga vipaza sauti vinne vyenye ukubwa wa makabati. Lugendo alikuwa ameletwa na polisi siku tatu kabla, kwa kuzungushwa mjini, ili asije akakosa kuomba radhi. Aliketi kwenye kiti cha plastiki akiutazama mto, na ng'ambo yake nyumba ya Bi. Holo, ambayo unaweza kuuona moshi wake na kuhesabu kuku wake.

Daktari alikuwa kwenye ukurasa wa tatu wa hotuba, pale panaposema taifa lisiloshukuru ni taifa lisilokua, wakati Bi. Holo alipotoka mbio hadi ukingoni, akiinua kanga juu ya kichwa na kuipunga. Mto ulimeza maneno yake. Lakini mkunga hahitaji maneno. Bi. Nyamizi aliinuka, akapita katikati ya viti vya waheshimiwa, akakichukua kipaza sauti mkononi mwa Daktari Magwanda kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Holo, unanisikia? Inua mkono ukinisikia."

Vipaza sauti vinne viliirusha sauti ile juu ya mto. Ng'ambo, mkono ukainuka.

"Mtoeni nje, nimwone. Mlazeni kwa ubavu wa kushoto. Asisukume. Mwambieni mimi nimesema asisukume mpaka nimwambie."

Wakamtoa kwa mkeka. Kwa macho yangu niliona kitu kidogo chenye kanga ya njano, tena mbali. Lugendo alikuwa amesimama majini hadi magotini, na polisi mmoja amemshika shati, wote wawili wamesahau nani ni mshtakiwa.

Daktari Magwanda alikasirika kwa dakika moja hivi. Kisha nikaona anafikiri, jambo ambalo kwake huonekana kwa nje. Aliinama kwa Mteule.

"Anafanya nini yule?"

"Anazalisha, Mheshimiwa."

"Kutokea hapa?"

"Kwa kutumia vipaza sauti vyetu."

"Kumbe," alisema Daktari Magwanda, "hata daraja halihitajiki."

Wahudumu wakaanza kusogea kusikiliza. Bi. Nyamizi aliendelea, sauti imeshuka sasa, ya kubembeleza, lakini inavuma bonde zima. "Haya, mwanangu Minza, sasa. Sukuma sasa. Holo, shika kichwa, usivute. Nimesema usivute. Mwache aje mwenyewe." Nyuma yake, kwa kunong'ona, Daktari alikuwa anatoa hoja kwamba UVUHU uanzishe Mpango wa Taifa wa Huduma kwa Sauti, vipaza sauti viwili kila mto. Mteule akaunga mkono. Nilikuwa nimeinamia daftari naiandika hoja hiyo mtoto alipolia. Alikuwa analia kweli, hata juu ya maji tulimsikia, na maturubai yote yakalipuka kwa makofi. Watu wazima walikumbatiana, aproni kwa aproni.

Bi. Nyamizi peke yake hakupiga makofi. "Holo, damu," alisema. "Niambie damu. Inua vidole."

Bi. Holo hakuinua vidole. Aliinua kanga ya njano, na haikuwa ya njano tena.

"Msugue tumbo chini ya kitovu. Kwa nguvu. Mweke mtoto kwenye ziwa, anyonye. Sugua, Holo, usiache."

Dawa ya kuzuia damu ilikuwa kwenye kabati la zahanati, hatua arobaini nyuma yetu. Alimtuma mhudumu wa zahanati mbio, zikaja chupa mbili ndogo za kioo, zote zilizokuwepo, pamoja na mabomba ya sindano. Ng'ambo alikuwepo mwalimu mkuu, aliyewahi kumchoma sindano mama yake mgonjwa. Lugendo akaifunga chupa ya kwanza na bomba lake kwenye kitambaa chenye jiwe, akarusha kwa mkono wake wa vidole vitatu, kwa kuwa ndio wenye nguvu. Ilipita katikati ya mto, kisha ikashuka majini. Ya pili akaichukua dereva wa Mhudumu Mkuu, kijana aliyecheza mpira wa mikono jeshini. Yeye alifikisha. Ilitua kwenye jiwe, tukasikia, au nadhani tulisikia, kioo kikivunjika.

Bi. Nyamizi aliendelea kusema kwenye kipaza sauti kwa muda mrefu baada ya hapo. Alikuwa haelekezi tena, alikuwa anamwita Minza kwa jina, anamwambia asilale. Halafu Bi. Holo aliketi chini kando ya mkeka, akamchukua mtoto, akajifunika uso. Mkunga akakiweka kipaza sauti juu ya meza, kwa utaratibu, kati ya keki na chupa za maji.

Hoja ya Huduma kwa Sauti ilipita bila kupingwa. Daktari alitaka taarifa iandikwe papo hapo, maana magazeti yangefunga kurasa saa kumi. Niliijaza nikiwa nimesimama. Kwenye safu ya idadi ya waliohudumiwa niliandika wawili, mama na mtoto, kwa sababu mkono wangu umezoea na haukuniuliza.

Daktari Magwanda alisoma juu ya bega langu, akagusa safu ile kwa kidole.

"Umemsahau mama mkwe, Karani," alisema. "Naye amepata mafunzo."

Nikafuta, nikaandika watatu.